Kutoka Mwanga hadi Ujiji na Kurudi

Safu ya Mwalimu: maswali yenu ya mazoezi, majibu kutoka Tabora

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanga, Kigoma, mama wa watoto watatu, umri miaka 39. Kazi yangu ni ya kukaa kutwa, na mwaka jana mgongo ulinisumbua mpaka muuguzi wa zahanati akaniambia, mama, tembea. Nikaanza kutembea alfajiri. Asubuhi moja mvua ikanikaribia, nikatimua mbio kuiwahi nyumbani. Nikashangaa, mbona raha! Tangu hapo nakimbia. Mwanzoni nilikuwa nakimbia mpaka mwembe wa pili, natembea, nakimbia tena. Baadaye nikawa naongeza mwembe mmojammoja. Jumapili iliyopita nimefika Ujiji, kwenye mnara wa Livingstone, nikanunua maji, nikarudi hadi Mwanga. Simu iliandika kilomita 13, saa moja na dakika 50. Njiani nilikuwa nacheka peke yangu, ikabidi niweke simu sikioni ili watu wasinione mwehu.

Sasa Mwalimu, utamu umenikolea. Pumzi ninayo, nikimaliza naona ningeweza kuendelea. Nataka Jumapili ijayo nifike 21, ile nusu marathoni, kabla msimu wa sare za shule haujanifunga kwenye cherehani. Katikati ya wiki sikimbii, nina kazi za watu. Jambo moja tu: ugoko wa kulia unauma dakika za mwanzo, halafu unaacha. Na njaa! Nakula kama ninanyonyesha. Baba watoto anasema nitabaki mifupa. Nishauri.
Fundi cherehani, Mwanga

JIBU: Marahaba, fundi. Barua yako nimeisoma kwa sauti, na nilipofika pale pa simu sikioni mke wangu aliacha kuchambua mchele akacheka. Kwa hiyo hapa Tabora una wapenzi wawili.

Hiyo raha yako ndiyo mtaji, na majibu yangu yote yanalenga kuilinda. Katika miaka yangu ya kufundisha michezo shuleni nimeona watu wazima wengi wakianza mbio kisha wakaziacha, na wachache sana waliziacha kwa uvivu. Waliumia, au waligeuza mbio kuwa adhabu. Wewe ulianza vizuri bila kufundishwa na mtu. Kukimbia mwembe, kutembea mwembe, kisha kuongeza kidogo, ndivyo hata makocha wanavyowaanzisha watu wazima.

Lakini 21 Jumapili ijayo, hapana.

Pumzi inadanganya, fundi. Moyo na damu hubadilika upesi. Ndani ya wiki chache za mazoezi damu mwilini huongezeka, moyo husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, na misuli hujizoeza kuunguza mafuta ili isimalize sukari mapema. Ndiyo maana ukifika nyumbani unajiona bado una safari. Kano na mifupa haziendi kwa kasi hiyo, zenyewe huhesabu miezi. Mfupa unaogongwagongwa barabarani hauongezi tu ugumu juu ya ule uliopo. Mwili kwanza huondoa sehemu zilizochoka, kazi inayochukua kama wiki tatu, kisha hujenga upya, na ujenzi huo huchukua miezi. Wewe ni fundi, mshono uliolegea huufumui kwanza ndipo ukaupiga upya? Nguo iliyo kati ya kufumua na kushona humpi mteja akachezee ngoma. Ugoko wako unaweza kuwa uko hapohapo katikati.

Halafu piga hesabu. Kwa mwendo wako wa Jumapili, kilomita 21 ni karibu saa tatu barabarani. Miguu iliyozoea chini ya saa mbili, mara moja kwa wiki, unataka kuiongezea saa nzima kwa mkupuo.

Tatizo lako, kwa kweli, si Jumapili, ni Jumanne. Umeandika upesiupesi kwamba katikati ya wiki hukimbii, kana kwamba ni jambo dogo, na mimi ndipo nilipochukua kalamu ya rangi. Mtu anayekaa siku sita kwenye cherehani kisha siku ya saba akaenda Ujiji na kurudi anaupa mwili mshtuko, halafu anauacha usahau. Mbio ndefu hujengwa siku za kazi, kwa vipande vifupi ambavyo havimvutii mtu yeyote, wala huna cha kumsimulia jirani. Nataka Jumanne kilomita 4, Alhamisi 4 au 5, alfajiri kabla hujafungua kibanda. Ni kama dakika 40, hakuna mteja atakayekususia kwa dakika 40. Wiki ambayo kazi imekuzidi, bora uikose Jumapili kuliko kuikosa Jumanne na Alhamisi pamoja. Najua huo ushauri utakuuma, maana Jumapili ndiyo yenye utamu.

Kwa wiki mbili za kwanza ukishaongeza siku hizo, Jumapili irudi kwenye 10. Usinune. Jumla ya wiki itakuwa imepanda kutoka 13 hadi 18 au 19, ila haitakuwa imelundikana siku moja. Baada ya hapo Jumapili ipande 12, 13, 14, kisha wiki moja uishushe hadi 10 mwili upumue. Halafu 15, 16, 17, ushuke tena hadi 12. Ukishafika 18 bila kuchechemea kesho yake, 21 haiko mbali, na hakuna haja ya kuifikia kwa kuongeza kilomita mojamoja. Yote hayo ni miezi mitatu na ushee. Utasikia watu wakisema usiongeze zaidi ya asilimia 10 kwa wiki. Ni desturi nzuri, lakini haikushuka kutoka mbinguni. Ugoko ukisema hapana wiki ya asilimia 5, usikilize ugoko.

Sasa mwendo. Umesoma shule ya msingi Tanzania, kwa hiyo kipimo unacho tayari: mchakamchaka. Kiongozi anaimba, kundi linaitikia, na wote wanakimbia. Mtu anayehema hawezi kuongoza wimbo. Jumapili, ukifika kwenye kupanda, jaribu kuimba beti mbili nzima, kwa sauti, si kimoyomoyo. Ukikatika katikati ya mstari, punguza, hata kama itabidi utembee. Kutembea kwenye kilima si kushindwa, na anayekucheka ujue yeye amekaa kwenye pikipiki.

Kizazi changu kiliharibiwa na Filbert Bayi, namheshimu sana lakini ndiyo hivyo. Mwaka 1974, kule Christchurch, alitoka mbele tangu bastola ilipolia kwenye mita 1500, akabaki mbele, akavunja rekodi ya dunia kwa dakika 3 na sekunde 32. Baada ya hapo kila mtoto wa shule alitaka kutoka mbele. Tulikuwa tunaongoza mzunguko wa kwanza kwa mbwembwe, wa pili tunapitwa na wasichana wa darasa la chini. Ninyi wa sasa mna Alphonce Simbu, na angalau yeye ana funzo linalowafaa. Tokyo, Septemba 2025, alikaa ndani ya kundi kilomita karibu zote 42, akasubiri, mwishoni kabisa uwanjani akampita Mjerumani kwa kiasi ambacho macho hayakuona, ikabidi picha iamue. Muda wa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha. Hiyo ni kama dakika 3 na sekunde 5 kwa kila kilomita, na wewe wako ni dakika 8 na nusu. Subira yake iga, kasi yake muachie.

Tuje kwenye ugoko, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndio unaoweza kukunyang'anya yote.

Maumivu yanayoanza mwanzoni kisha yakaacha mwili ukipata moto, yakiwa yameenea sehemu ndefu ya ugoko, mara nyingi ni utando wa mfupa na misuli inayoushikilia vinalalamika kwamba kazi imezidi. Hayo hupoa ukipunguza. Yale ya kuogopa ni maumivu ya mahali pamoja, unapoweza kuweka ncha ya kidole ukasema ni hapa, yanayozidi kadiri unavyokimbia badala ya kupungua, na yanayokuamsha usiku. Ukiyaona hayo acha kabisa kukimbia, nenda hospitali, sema unakimbia, kwa sababu unaweza kuwa na ufa mdogo kwenye mfupa, na ufa wa namna hiyo hata picha ya eksirei ya siku za mwanzo huweza kuukosa. Usikubali kupewa dawa za maumivu ukaendelea na safari ya Ujiji.

Nadhani najua kwa nini ni mguu wa kulia. Unakimbia ukiwa umeyakabili magari, sivyo? Unafanya vyema, na uendelee hivyo. Ila barabara ya lami ina mgongo katikati na huteremka pembeni ili maji ya mvua yatoke. Ukiwa ukingoni kulia, kwenda na kurudi, mguu wa kulia unatua chini kidogo kuliko wa kushoto, maelfu ya hatua, kila Jumapili. Tafuta kijia cha vumbi kilicho sawa pembeni ya lami, kwenye mitaro uruke, mradi usikimbie juu ya huo mshazari saa nzima. Vumbi lina adabu kuliko lami hata kwa raba.

Raba zenyewe hukuzitaja. Za mtumba hazina ubaya, mimi mwenyewe navaa za mtumba, lakini usinunue kwa kutazama rangi. Iweke mezani uitazame kwa nyuma. Ikiwa imeinama upande mmoja, mwenye nayo wa kwanza ameshaimaliza. Bonyeza soli ya ndani kwa dole gumba, ikiwa ngumu kama ubao iache hapohapo sokoni. Na iwe na nafasi ya upana wa dole gumba mbele ya kidole kirefu, la sivyo kwenye miteremko ya Kigoma kucha zitakuwa nyeusi.

Maana mji wenu ni wa vilima, mimi mtu wa Tabora tambarare huwa naupanda kutoka stesheni hadi Mwanga nikiwa nimeshika kiuno. Watu wanaogopa kupanda, ila kinachovunja miguu ni kushuka, kwa kuwa misuli ya paja inafanya kazi ya kushika breki huku ikivutwa. Ukishuka, fupisha hatua, usijirushe. Kupanda kunakusaidia: ukiona Jumanne imepooza, panda kilima polepole mara mbili tatu, ushuke kwa kutembea.

Njaa yako ni ya halali. Kukimbia kilomita 13 si mchezo, mwili unadai. Kosa ni kujibu njaa hiyo kwa ugali wa muhogo na mchuzi tu. Ugali wa muhogo una nguvu za kutosha lakini protini hauna kitu, na misuli hujengwa kwa protini. Na Kigoma mnakaa juu ya protini! Dagaa, migebuka, maharage. Sombe, yaani kisamvu, iliyoungwa kwa mawese na dagaa ndani yake ni mlo kamili wa mkimbiaji, ningekuwa huko ningejikaribisha. Dagaa waliwe wazima, na mifupa yao, hayo ni madini ya chokaa kwa ugoko wako. Wewe pia ni mwanamke, kila mwezi unapoteza damu, na mbio nazo zinahitaji damu, kwa hiyo madini ya chuma usiyafanyie mzaha: dagaa, maharage, majani ya kijani, pamoja na chungwa au ndimu ambayo husaidia mwili kuyachukua. Chai ya rangi inaharibu kazi hiyo ikinywewa pamoja na chakula. Ihamishie saa moja baadaye. Ukiona unachoka kwenye mwendo uleule uliokuwa unauimbia, weupe wa kucha na macho umezidi, kapime wingi wa damu kabla hujasema umezeeka.

Kabla ya Jumapili ndefu kula kitu chepesi, kiazi kitamu kimoja cha kuchemsha au ndizi, saa moja kabla. Mpaka saa moja na nusu hivi sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini inakutosha. Ukianza kuvuka hapo, yaani kuanzia zile Jumapili za 12 na kuendelea, beba kitu. Vile vipakiti vya sukari nzito ya kumeza vya wazungu achana navyo. Chukua chupa ya nusu lita, maji, vijiko viwili vya asali na chumvi ya kubana kwa vidole viwili, unywe kidogokidogo. Asali iwe ya Tabora, na hapo siwezi kuwa mwamuzi wa haki. Maji kunywa kwa kiu, usijilazimishe kumaliza lita mbili, kwani maji mengi kupita kiasi bila chumvi nayo humwangusha mkimbiaji.

Kuhusu mavazi, ningekuwa na aibu kumfundisha fundi, ila kwa saa tatu mshono wa ndani ya paja utakuchubua hata ukiwa umeushona kwa mkono wako. Geuza mshono utazame nje, au ulaze. Paka mafuta ya mgando mapajani, kwapani na chini ya mkanda wa sidiria, na sidiria iwe ya kubana barabara. Jishonee kijifuko cha funguo na noti kiunoni. Ukishona cha kwako, shona vingine, maana wakimbiaji wengine wa Kigoma nao hawana pa kuweka simu.

Baba watoto mwambie hutabaki mifupa ukila kama nilivyosema. Akizidi kuwa na wasiwasi, apande baiskeli Jumapili moja akubebee chupa. Wanaume wengi hupinga jambo mpaka wapewe kazi ndani yake. Tena alfajiri yenye giza usiwe peke yako, vaa nguo nyeupe, na sikio moja liwe wazi kusikia bodaboda. Homa ikikupata, hata ndogo, usikimbie, kapime malaria.

Kuna wasomaji watakaosema, mpeleke Moshi, kwenye marathoni ya Kilimanjaro, kule 21 ina umati na ngoma. Ni kweli, na kwa mwinuko Moshi haiwazidi ninyi kwa mengi. Lakini mbio zile huwa mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, na sare za shule zinakubana Desemba na Januari. Mazoezi yako marefu yataangukia usiku ambao hulali. Kwa mara hii tafuta 21 yako nyumbani. Anzia stesheni, mwisho wa reli, upande hadi Mwanga ukiwa bado na nguvu, uende Ujiji mpaka mnarani, urudi, na kilichobaki ukimalizie kwa kuelekea Kibirizi mpaka simu ikubali. Chagua mwezi usio na sare wala Idi. Kisha niandikie, na useme uliweka simu sikioni mara ngapi.

SWALI: Mwalimu, nimestaafu reli, nina miaka 61, naishi hapahapa Tabora. Wajukuu wananihimiza nianze kukimbia. Sijachelewa?
Mstaafu, Tabora

JIBU: Kaka, hujachelewa, ila wajukuu wasiwe ndio daktari. Kapime presha na sukari kwanza, na kama kifua kimewahi kubana ukipanda ngazi, mwambie daktari hilo kabla ya lingine lolote. Akikuruhusu, anza kutembea haraka dakika 30, siku nne kwa wiki, kwa mwezi mzima. Baada ya hapo ndipo uchomeke dakika moja ya kukimbia ndani ya kila dakika tano. Barabara zetu za Tabora ni bapa na miembe inatupa kivuli, una bahati kuliko yule fundi wa Kigoma. Ukiona siku moja miguu imekubali, tafuta njia ya Kwihara, kwenye tembe alilokaa Livingstone. Wenzetu wa Ujiji wasitambe na mnara peke yao.

SWALI: Mwalimu mambo. Mimi ni dereva wa bodaboda, Ipuli hapa Tabora. Nakimbia jioni, nimeshafika kilomita 8 na naona raha kweli, ila nikifika ya sita kichomi kinanikamata chini ya mbavu za kulia. Nifanyeje?

JIBU: Poa, kijana. Kichomi hicho kwa kawaida hakina hatari. Kikikushika, punguza mpaka mwendo wa kutembea, bonyeza pale panapouma kwa vidole, huku ukitoa pumzi yote nje taratibu kana kwamba unazima mshumaa. Dakika mbili kitaachia. Ili kisirudi, anza kilomita ya kwanza taratibu zaidi ya unavyopenda, na usinywe soda wala maji mengi kwa mkupuo kabla ya kutoka. Umeandika pia chini ya barua kwamba kabla ya mazoezi unapitia kwa mama ntilie kupata nguvu. Chapati mbili na maharage nusu saa kabla ya kukimbia, ndugu yangu, hamishia baada.